Shoka la Mpiga Kambi

Mwenye azma ya kupiga kambi porini na kujitafutia kuni, kabla hajashawishika na rangi nyekundu ya shoka la dukani, ambayo aghalabu huficha chuma dhaifu, na amwendee kwanza mhunzi afuaye mashoka kwa springi kuukuu za malori, kwani pua hiyo, ikitiwa matiko barabara, hushika makali muda mrefu. Aazime tupa, aipitishe taratibu ukingoni: ikizama kwa urahisi, makali yatapinda, ikiteleza pasipo kukwaruza hata kidogo, yatameguka, tulitakalo ni shoka ambalo tupa hulila kwa taabu.

Mpini ndio wenye kuhitaji tafakuri zaidi. Nyuzi za mti sharti ziende sambamba na urefu wake, pasiwe na kifundo. Na mkole, mti mgumu unepao bila kuvunjika upesi, wafaa sana. Mashoka yetu ya asili, ambayo mkia wa chuma hupenya kichwa kinene cha mpini, yana fadhila moja niipendayo: kila pigo huzidi kuukaza mkia huo. Uzito wa kilo 1 hivi watosha kwa kuni kavu zilizokwisha kuanguka.