Wana Kwao: Watoto wa Mitaani, Mbwa Koko na Kosa la Msako

Mbwa koko na chokoraa ni majina mawili yenye dai moja, kwamba anayeitwa hivyo hana kwao. Dai hilo ndilo huzaa msako, maana kisicho na mwenyewe hufagiliwa. Nasema dai hilo si kweli, na ndiyo sababu msako haufui dafu. Mbwa wengi wanaozurura Afrika wana wenyewe, ila hawafungwi wala hawashibi. Watoto nao wengi wana nyumba waliyotoka, na wapo wanaorudi huko kulala. Kenya ilipowahesabu watu wa mitaani mwaka 2018 ilipata 46,639, Nairobi pekee 15,337. Sensa hiyo iliitwa ya familia za mitaani. Walioipa jina walikuwa karibu na ukweli kutushinda sisi wapita njia.

Kwa mbwa ushahidi umekomaa. Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, na Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho ni watoto wasiotimiza miaka 15. Risasi na sumu hazikomeshi ugonjwa huu: aliyechanjwa hufa pamoja na asiyechanjwa, na nafasi zao huchukuliwa na watoto wa mbwa wasio na kinga. Kinachoukomesha ni kuchanja mbwa wapatao 70 katika kila 100. Kisiwani Pemba ulitoweka mwaka 2014, ukaingia tena mwaka 2016, ukamalizwa kwa chanjo. Na chanjo hufanikiwa kwa kuwa mbwa ana wa kumpeleka. Mara nyingi anayemvuta kwa kamba hadi kituoni ni mtoto.

Atasema mtu: fedha za mbwa wapewe watoto. Lakini sindano za mtu mmoja aliyeng'atwa hugharimu mara nyingi zaidi ya chanjo ya mbwa, na anayelala barazani ndiye wa kwanza kung'atwa na wa mwisho kuzipata. Mwingine atauliza kama namlinganisha mtoto na mbwa. La, nalinganisha kosa letu kwao. Mtoto aliyekamatwa usiku na kupakiwa basi la kwao hurudi, kwa kuwa kipigo au njaa iliyomtoa bado inamngoja mlangoni. Wapo pia wasiopaswa kurudishwa kamwe, na hao wanahitaji mlezi mwingine, jambo ambalo haliamuliwi ndani ya karandinga. Afisa ustawi wa jamii ndiye wa kubisha hodi kwanza, aone kilichomo.

Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008 na Sheria ya Mtoto mwaka 2009, na hii ya pili inaikabidhi halmashauri wajibu wa kumlinda mtoto. Waheshimiwa madiwani mlio hapa, bajeti ijayo ikiletwa mezani, fungu la msako lihamishieni kwenye chanjo na kwenye nauli ya afisa huyo.