Uchumi umekua, sawa. Umekulia wapi?

Wadau, hii ni hotuba niliyotoa kwa mdahalo wa wanafunzi. Nimeikata vipande ndio isomeke hapa.

Kila msimu wa siasa kuna yule anasema uchumi umekua, na yule anamjibu, "Mbona mfuko wangu uko tupu?" Mimi naona wote wawili wanaweza kuwa wanasema ukweli.

Septemba 2014 nilikuwa darasa la tano. Mwezi huo Kenya ilibadilisha mwaka wa msingi wa kukokotoa pato la taifa, kutoka 2001 hadi 2009, na kwa karatasi uchumi ukapanda takriban asilimia 25. Tukaitwa nchi ya kipato cha kati. Shangazi yangu, muuza sukuma wiki, akaamka kesho yake na deni lilelile la dukani. Hesabu haikuwa ya uongo, ni vile tu wastani haujui nani amekula na nani amelala njaa.

Ndiyo maana tangu 1990 Umoja wa Mataifa hupima pia maisha: watu wanaishi miaka mingapi, wanasoma miaka mingapi, pamoja na kipato. Tangu 2010 kuna kipimo kingine kinachokata alama za nchi zenye mgawanyo mbaya. Sisi tunakatwa, na si kidogo.

Na pengo letu lilipangwa. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulisema pesa za maendeleo ziende pale zitazalisha zaidi, yaani penye mvua, ardhi nzuri na usafiri. Kaskazini ikaambiwa ingoje. Kwa hivyo mtu akikuambia watu wa kule ni wavivu, mwonyeshe huo waraka. (Mimi huwa nao kwa simu.)

Katiba ya 2010, kifungu cha 204, ilijaribu kurekebisha: Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya serikali kuu kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na stima maeneo yaliyotengwa. Ilipewa miaka 20. Pesa zenyewe zilichelewa mno, na 2030 hiyo, hapo tu.

Bunge linaweza kuongeza muda, lakini lazima zaidi ya nusu ya wabunge wote wakubali, na zaidi ya nusu ya wajumbe wa kaunti kule Seneti. Hilo litaangukia watu tutakaowachagua 2027. Akija kwenu na asilimia za ukuaji, msikilizeni hadi amalize, kisha mumuulize atapiga kura gani kuhusu 204.