Hotuba ya Karani wa Chama: Walindao Nguo



Saa ya michezo, mwanangu aliyelemaa mguu alikuwa akiambiwa alinde nguo za wenziwe chini ya mti. Alizilinda miaka miwili.

Henry Wanyoike, kipofu aliyepata kujifunza ufumaji hapa Machakos, alishinda mbio za mita 5,000 huko Sydney mwaka 2000, ameshikana kwa kamba na mwongozi wake. Mwongozi alipochoka, kipofu ndiye aliyemvuta hadi mwisho.

Hivyo mpira na ufungwe njuga, asiyeona ausikie. Wote na wacheze wameketi, aliyelemaa adake sawa nao. Kila mtoto apimwe kwa nguvu zake za jana.

Tuwaombe walimu kwa heshima: chini ya mti zibaki nguo peke yake.