MGONJWA WA AKILI ANA KWAO



Mjini Mbinga, alfajiri ya mwezi Juni, baridi huwa kali. Wanaodamka kuwahi basi humkuta mtu amejikunyata kibarazani mwa duka, amejifunika gunia la kahawa. Huko chini, kando ya Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, mwenzake hulala kandokando ya mtumbwi uliopinduliwa, karibu na vichanja vya dagaa. Watoto humfuata kwa makelele. Sisi watu wazima hupita upande wa pili wa njia tukisema: "Mwacheni, ni kichaa yule, hana kwao."

Hana kwao! Ni maneno haya ambayo tungependa kuyatafakari pamoja nanyi Dominika hii. Je, ni kweli? Hakuna Mmatengo wala Mnyasa aliyezaliwa barabarani. Mtu huyo alizaliwa na mama, alipewa jina, pengine jina hilo limeandikwa katika kitabu cha ubatizo cha parokia mojawapo jimboni mwetu. Ana ukoo. Ana kaka na dada. Basi yafaa tuulize: kwao kulipotelea wapi?

Mtakatifu Marko, katika sura ya tano ya Injili yake, anatusimulia habari za mtu aliyeishi makaburini, ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Wagerasi. Mchana na usiku alilia milimani na kujikatakata kwa mawe. Watu wa kwao walikuwa wamejaribu kumfunga mara nyingi kwa pingu na minyororo. Tuangalie vema, ndugu wapendwa: minyororo ilipatikana, lakini kitanda hakikupatikana. Kijiji kizima kilijua alipo, na kilikubali kwamba makaburini ndipo mahali pake.

Tusimfanye mtu huyo kuwa kisingizio. Wapo wanaosoma sura hiyo wakasema kila mgonjwa wa akili ana pepo, hivyo maombi yanatosha na hospitali haina kazi. Kanisa halifundishi hivyo. Akili huugua kama moyo na mapafu yanavyougua. Wengine huzaliwa na udhaifu huo katika damu ya ukoo. Wengine hupatwa baada ya malaria kupanda kichwani, au baada ya kujifungua, au kwa sababu ya bangi na pombe kali, au baada ya msiba mzito. Tuwaombee, naam, na tuwapeleke kwa mganga wa hospitali. Sala na dawa hazigombani.

Sasa tutazame jinsi mtu anavyofika kibarazani. Ugonjwa huanza nyumbani. Kijana wa miaka 20 anakosa usingizi, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anamshuku hata mama yake. Ukoo unahangaika. Fedha za kahawa zinakwenda kwa waganga wa kienyeji, kisha mbuzi, kisha bati zilizonunuliwa kwa ajili ya nyumba. Fedha zikiisha, na uvumilivu nao huisha. Anafungwa kamba. Anahamishiwa kibandani nyuma ya nyumba. Siku moja kamba inakatika, anaondoka, na hakuna anayemfuata. Mwaka wa kwanza ndugu zake wanalima ngolo zake kwa niaba yake. Mwaka wa tatu shamba limekuwa lao. Hata akirudi na akili timamu, atarudi wapi? Na mama aliyeugua baada ya kujifungua, mume akamrudisha kwa wazazi, na wazazi nao wakasema ameolewa, ana kwake: yeye aende wapi?

Akishakuwa nje, barabara nayo inamwongezea ugonjwa. Asiye na paa hapati usingizi, na akili isiyolala haiponi. Ananyeshewa, anapigwa, ananyang'anywa. Mwanamke huingiliwa usiku na watu ambao mchana humcheka. Anatafuta joto katika pombe, nayo pombe inamchoma akili iliyobaki. Dawa zipo, lakini dawa za akili hutaka kumezwa kila siku pamoja na chakula, au sindano kila mwezi. Ni nani atakayemhesabia siku mtu asiye na ukuta wa kutundika kalenda? Hivyo ugonjwa humtoa mtu nyumbani, na kukosa nyumba humzidishia ugonjwa. Ni mawe mawili ya kusagia, na mtu yuko katikati.

Tusiwanyoshee wengine kidole. Sisi tunaosema nanyi tuna deni letu. Tulipokuwa bado wachanga katika upadre, katika parokia moja ya kando ya ziwa, mtu wa namna hiyo alilala barazani mwa kanisa. Ilipokaribia Noeli, tulimwagiza katekista amwondoe, ili waamini wasisumbuke, kwa kuwa wageni wangekuwa wengi. Katekista alitii. Usiku ule tulihubiri kwa sauti kubwa juu ya Familia Takatifu iliyokosa nafasi nyumbani mwa watu. Mtu yule hatukumwona tena. Jina lake hatukuwa tumemwuliza. Kila Noeli tangu hapo tunamkumbuka altareni bila jina, na neno hilo linatuuma.

Ndugu wapendwa, wapo waliotutangulia ambao walifanya vema kuliko sisi. Huko Geel, nchini Ubelgiji, yupo Mtakatifu Dimfna, ambaye wagonjwa wa akili humkimbilia kwa sala. Tangu Zama za Kati mahujaji waliwaleta wagonjwa wao kanisani kwake. Nafasi kanisani ilipokwisha, wakulima wa mji ule waliwachukua wageni hao majumbani mwao, wakala nao meza moja na kwenda nao shambani. Desturi hiyo haijafa hata leo. Katika miaka ya 1930 waliopokelewa namna hiyo walikuwa zaidi ya 3,000. Hapa kwetu, huko Lutindi katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kiinjili kutoka Ujerumani walianzisha mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 makao hayo yakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Angalieni mpangilio huo: makao yalitangulia, hospitali ikafuata.

Tena tunayo Hospitali ya Mirembe, Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927. Waganga na wauguzi wake wamewaponya wengi. Lakini wapo waliopona na kuruhusiwa ambao hubaki wodini, kwa sababu hakuna ndugu anayekuja kuwachukua. Hapo daktari amemaliza kazi yake. Sisi hatujaanza yetu.

Basi tufanye nini? Tunaomba mambo matatu, yote ya uwezo wetu. Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo imtambue mgonjwa wa akili aliye katika eneo lake, imwulize jina lake na ukoo wake, na imwite kwa jina hilo. Pili, asindikizwe hospitalini wakati ugonjwa ungali mchanga, na wawili au watatu wapokezane kumkumbusha dawa, ili mzigo usimwelemee mama yake peke yake. Tatu, shamba lake lisiguswe. Wazee wa ukoo, mnapokaa kugawa ardhi, mwekeeni mgonjwa fungu lake, hata kama leo hawezi kushika jembe. Fungu hilo ni ahadi kwamba mnamngoja.

Turudi kwa yule mtu wa makaburini. Alipoponywa alikaa ametulia, amevaa nguo. Watu wa kwao walipomwona hivyo, badala ya kufurahi, waliogopa, wakamsihi Bwana aondoke mipakani mwao. Naye aliyeponywa aliomba apande mtumbwi afuatane na Yesu. Nani asiyemwelewa? Aliwajua jirani zake. Lakini Bwana hakumkubalia. Alimwagiza arudi nyumbani, kwa jamaa zake. Kwa nini? Kwa sababu mtu aliyeponywa bila kurudishiwa kwao ameponywa nusu. Kristo alifanya nusu ambayo hakuna mwanadamu aliyeiweza, akawaachia jamaa nusu ambayo kila mmoja aliiweza: kufungua mlango.

Injili inatuambia kwamba mtu huyo alikwenda, akayatangaza matendo ya Bwana. Haituambii kama mlango wa kwao ulifunguliwa. Sehemu hiyo imeachwa ikamilishwe na sisi, huko Mbinga, Litembo, Lituhi, Liuli, na popote mnapotusikiliza.

Jioni ya leo, tukifunga milango kwa sababu ya baridi, tumfikirie aliye kibarazani. Ana jina. Ana kwao. Mungu atujalie neema ya kumrudisha.

Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.