Tusingoje Wakubwa: Wajibu Wetu katika Mabadiliko ya Tabianchi



Tumekutana kutafakari jambo ambalo wengi wetu tumezoea kuwaachia wataalamu na viongozi. Tuanze na yale tuliyoyaona wenyewe. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini na mashariki mwa nchi yetu ya Kenya. Mifugo ikafa, wafugaji wakabaki mikono mitupu. Mwaka 2024 masika yakaleta mafuriko yaliyoua watu na kuwaondoa wengi makwao. Bara letu la Afrika hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa chafu inayoipasha dunia joto, lakini maskini wetu ndio wanaolipa. Basi hili ni suala la haki.

Twaulizwa mara nyingi: “Sisi wanyonge tutafanya nini?” Jibu moja limetoka Lamu.

Septemba 2016, mamlaka ya mazingira ilitoa leseni ya kujenga huko Kwasasi kituo cha umeme wa makaa ya mawe, chenye uwezo wa megawati 1,050. Moshi wake ungeongeza hewa ukaa angani, na wavuvi walihofia bahari inayowalisha. Wenyeji waliungana katika shirika lao, Save Lamu, wakaandika hoja zao, wakakata rufani. Tarehe 26 Juni 2019, baraza la kitaifa la rufani za mazingira liliifuta leseni hiyo. Lilikuta kwamba mikutano na wananchi ilifanyika kabla ya uchunguzi wa athari za mradi. Yaani watu waliulizwa maoni juu ya jambo ambalo hawakuwa wameelezwa. Lilikuta pia kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa. Oktoba 2025, mahakama ya Malindi iliuthibitisha uamuzi huo.

Tuzingatie hapo: silaha ya wanyonge ilikuwa haki yao ya kuelezwa na kusikilizwa. Haki hiyo tunayo sote. Tuitumieje?

1. Tujue mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila jumuiya iwe na mtu wa kufuatilia matangazo ya miradi magazetini, redioni na kwenye mbao za ofisi.

2. Tudai maelezo tunayoyaelewa. Kifungu cha 35 cha Katiba chatupa haki ya kupata habari, na kifungu cha 7 chakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kuomba maelezo kwa Kiswahili si utovu wa adabu.

3. Tuandike. Maneno ya barazani hupeperuka. Barua yenye tarehe na sahihi za watu wengi hubaki. Tuhifadhi nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

4. Tuhudhurie vikao vya bajeti ya kaunti. Kifungu cha 196 chaliagiza bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Tuulize: fedha za visima, za miti na za kujikinga na mafuriko ni kiasi gani, na zilitumikaje?

5. Tukipuuzwa, tuiendee sheria. Kifungu cha 70 chamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira, bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna aliyepata hasara. Lakini rufani dhidi ya leseni ina muda wake, siku 60, tusichelewe.

Tusidanganyane: njia hii ni ndefu. Pale Lamu ilipita zaidi ya miaka miwili na nusu kabla ya leseni kufutwa. Tena wapo wanaoutaka mradi kwa ajili ya ajira. Hao si adui zetu. Kijana asiye na kazi ana haki ya kuuliza atakula nini, nasi tuna wajibu wa kumsikiliza, na kudai pamoja naye kazi isiyoharibu maji na ardhi ya watoto wake. Tuwatafute pia jirani zetu Waislamu na wa madhehebu mengine, kwa maana ukame haubagui dini.

Penye wengi hapaharibiki neno. Tuondoke hapa tukiwa na kazi ya kufanya.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:
(a) Ni mradi gani unaopangwa katika eneo letu, nasi tumeelezwa nini?
(b) Nani kati yetu atauliza, na lini ataturudishia jibu?