Ubora wa Shule ya Wasichana Huanzia Kidato cha Kwanza

(Haya ni mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa Serikali wa Mikoa ya Mbeya na Iringa.)



Kila mwezi wa Julai, baridi ya Nyanda za Juu inapokuwa kali, mabasi hushusha Mbeya na Iringa wasichana waliochaguliwa kuingia Kidato cha Tano. Wamo waliotoka Lindi na Tanga ambao hawajapata kuhitaji sweta maishani mwao. Wamo waliotoka Kagera, Mara na Dar es Salaam. Mwislamu, Mkatoliki na Mmoraviani hupangiwa bweni moja, na haupiti muda mrefu kabla hawajaanza kuazimana mablanketi. Shule kama Loleza, iliyo chini ya mlima wa jina hilo mjini Mbeya, na ile ya Wasichana Iringa zimelea mabinti wa taifa zima kwa namna hiyo.

Mchanganyiko huo haukuota wenyewe kama uyoga. Hadi Uhuru mwaka 1961 shule za nchi hii zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Iringa ilikuwapo shule ya St. Michael's and St. George's, iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa Kizungu, na Mbeya nako hawakukosa ya kwao. Mwaka 1962 utengano huo ulifutwa. Majengo yale ya Iringa yakawa Shule ya Sekondari ya Mkwawa, na tangu mwaka 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, ambako walimu wengi wa leo wamefunzwa. Mwaka 1964 ada za sekondari zikaondolewa. Katika miaka ya 1970 nafasi za Kidato cha Kwanza zikagawanywa kwa mikoa, ili sehemu zilizotangulia kupata shule za misheni zisizichukue zote. Na tofauti hiyo haikuwa kati ya mkoa na mkoa tu: Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, wakati ambapo sehemu nyingine za Mbeya zilikaa miaka mingi bila darasa.

Hayo yote yalikuwa mambo ya kumfikisha msichana mlangoni. Swali linaloulizwa kwa nadra ni hili: akishaingia, je, anafundishwa?

Kukaa pamoja si kusoma sawa. Chama chenyewe kilijifunza jambo hilo kwa gharama. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba anayetaka kuingia Chuo Kikuu afanye kazi kwanza, kisha apate sifa kutoka mahali pa kazi. Amri ilikuwa moja kwa wote, wanaume na wanawake. Lakini msichana aliyemaliza Kidato cha Sita na kurudi nyumbani alikutana na posa, uzazi na majukumu ya ukoo, na idadi ya wanawake Chuoni ikapungua. Baada ya muda mfupi sharti hilo lililegezwa kwa wanawake. Hakuna aliyedai wakati ule kwamba wasichana walikuwa wamepungukiwa akili ghafla. Ilionekana wazi kwamba kanuni iliyo sawa ilikuwa imewekwa juu ya watu wasio na hali sawa.

Jambo lilo hilo hutokea leo katika chumba cha Kidato cha Kwanza, nalo halipati Azimio. Msichana aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili katika shule ya kijiji, Makete au Chunya, huketi dawati moja na aliyesoma shule ya msingi ya Kiingereza mjini. Wazazi wenye uwezo huwalipia watoto wao masomo ya maandalizi kabla ya Januari. Mkulima wa pareto au viazi humaliza fedha zake kwenye godoro, viatu na nauli. Ada iliondolewa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne mwaka 2016, na Kidato cha Tano na cha Sita mwaka 2022, na hayo ni mafanikio makubwa. Lakini mwalimu anapoingia na kuanza kueleza Baiolojia kwa Kiingereza, wa mjini hunyoosha mkono, na wa kijijini huinama. Kufikia Aprili, aliyeinama amekwisha kuandikwa kuwa mzito. Alichokosa ni lugha, na aliyehukumiwa ni yeye.

Haiwezi kusemwa kwamba jambo hili halikujulikana. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta, mwana wa Njombe, iliyokuwa wakati huo sehemu ya Mkoa wa Iringa, ilitoa taarifa yake mwaka 1982 na kupendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walikuta kwamba wanafunzi wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Hata hivyo Serikali iliamua Kiingereza kiendelee, na hadi leo ndicho lugha ya kufundishia sekondari. Mjadala wa uamuzi huo ni mpana na hauwezi kumalizwa hapa. Lakini maadam uamuzi ndio huo, ni wajibu wa shule kumfundisha kila binti lugha hiyo kabla ya kumpima kwayo.

Na hapa, ndugu walimu, pana desturi moja isiyofaa kufichwa, wala haihitaji kunyooshea kidole shule yoyote. Katika shule nyingi mwalimu hodari hupewa Kidato cha Nne, kwa sababu mtihani wa taifa u karibu. Kidato cha Kwanza huachiwa mwalimu aliyeripoti juzi, ambaye bado anatafuta chumba cha kupanga. Yaani mtoto huletewa fundi wakati nyumba imekwisha kupinda.

Wapo watakaosema kwamba kumngojea wa kijijini ni kumchelewesha wa mjini. Hoja hiyo ina uzito, nayo haijibiwi kwa hotuba za usawa. Hujibiwa na wiki za kwanza zinazotumika hasa kwa mafunzo ya Kiingereza, na vitabu vyepesi vya hadithi vinavyotoka kabatini na kuingia bwenini. Aliyetangulia naye apewe kazi ya kuongoza kikundi cha kusoma jioni. Amfundishaye mwenzake somo hulijua zaidi.

Kuna la kunyamaza pia, ambalo ni kubwa kuliko lugha. Mwaka 1996 walimu wa Sanaa za Maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walitunga michezo ya kuigiza juu ya yale yaliyowazuia kusoma, wakaicheza mbele ya walimu wao wenyewe. Binti asiyeweza kumwambia mwalimu kwamba hakuelewa hawezi pia kumwambia kwamba yupo mtu anayemsumbua. Shule inayojivunia mabinti wa makabila yote, huku nusu yao hawajafungua kinywa darasani, haijui ina nani.

Ndugu watumishi wa ofisi za elimu nao wanahusika. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya Kidato cha Nne bila orodha ya shule kumi bora, na lilifanya vema. Lakini simu ya kwanza apigiwayo mkuu wa shule bado ni ya kuuliza daraja la kwanza wako wangapi. Simu hiyo ndiyo inayompeleka mwalimu hodari Kidato cha Nne. Laiti mkaguzi angeomba daftari la msichana mmoja wa Kidato cha Kwanza, la mwezi Februari na la mwezi Oktoba, akayaweka meza moja na kuyalinganisha, mkuu wa shule angepanga walimu wake kwa namna nyingine.

Ratiba za mwaka ujao huandikwa Desemba, kabla wageni wa Januari hawajafika na masanduku yao. Muda wa kubadili majina ya walimu katika mistari ya Kidato cha Kwanza ni huo.