Kuacha meza ya mufalme

Mafundisho ya redio. Masomo: Nehemia sura ya 1 na ya 2, tena 5.14-18.



Ndugu mumoja wa kanisa letu alikuja kutuona. Anafanya kazi ya kuhesabu feza katika biro ya kompani moja ya kuchimba shaba. Mushahara unaingia kila mwezi. Mutoto akigonjwa, kompani inalipa munganga. Asubuhi gari inakuja kumutwaa kwenye barabara. Sasa wakristo wa kijiji chake, mbali sana upande wa kaskazini, wamemuomba aende kuongoza shule yao, kwa sababu mwalimu mukubwa amekufa na watoto wanatawanyika. Watamulipa kidogo, na miezi mingine hawatamulipa. Akatuuliza: «Pasta, kama ni Mungu ananiita, nitajua namna gani? Na kama si Mungu, watoto wangu watakula nini?»

Hatukumujibu siku ile, na tunataka kuwaambia sababu.

Miaka zaidi ya kumi iliyopita, kijana mumoja alituletea ulizo kama hilo. Alikuwa na kazi katika depo ya muji, kazi ya amani. Alitaka kuiacha kusudi ahubiri injili siku zote. Sisi tulikuwa tumetoka shule ya Biblia si zamani, na midomo yetu ilikuwa na moto. Tukamuambia: «Ruka, Mungu atakupokea.» Hatukuuliza muke wake anawaza nini. Hatukuuliza nyumba ni ya nani. Juma lililofuata akaacha kazi. Nyuma ya miezi mitatu mwenye nyumba akatoa vyombo vyao inje. Muke akaenda Likasi kwa wazazi wake pamoja na watoto, na kanisa halikuwapelekea hata muzigo mumoja wa unga.

Tulienda kumuomba musamaha. Akatupa kiti, akatupa maji ya kunywa, kisha akasema kwa upole: «Pasta, mulisema kama vile Mungu amesema. Lakini mulikuwa ninyi.» Hakurudi tena katika kanisa letu, na hatuwezi kumulaumu. Tangu siku ile, tunapoulizwa ulizo hilo, tunafungua kwanza kitabu cha Nehemia.

Nehemia alikuwa na kazi nzuri kupita zote. Katika jumba la Susani, yeye ndiye alimupa mufalme Artasasta divai kwa mukono wake. Alivaa vizuri, alikula vizuri, na mufalme alimutumainia na uzima wake. Halafu habari zikafika kwamba kuta za Yerusalema zimebomoka na watu wako katika haya.

Tuangalie namna alivyotoka katika kazi ile.

Jambo la kwanza, alilia. Hakulia sababu mukubwa wake wa kazi alimutukana, wala sababu alichoka na divai ya mufalme. Alilia juu ya mateso ya wengine. Wandugu, wengi wetu tunasema Mungu ametuita, kumbe tumekasirika tu na chefu wetu. Mutu anayekimbia kazi na mutu anayetumwa kwenye kazi wanaweza kupita mulango mumoja siku moja. Lakini wa kwanza anaangalia nyuma, na wa pili anaangalia kwenye kuta zilizobomoka.

Jambo la pili, alingojea. Alisikia habari katika mwezi wa Kisleu, akamuambia mufalme katika mwezi wa Nisani. Ni kama miezi mine. Miezi ile yote alifunga na kuomba, na kila siku alienda kwenye kazi yake, kikombe mukononi. Maombi hayakumuzuia kufika kazini kwa saa yake.

Jambo la tatu, alihesabu. Mufalme alipomuuliza anataka nini, Nehemia aliomba Mungu moyoni, kisha akajibu kama mutu aliyekwisha kuandika hesabu yake: siku atakazokaa, barua za kupita katika majimbo, miti ya milango kutoka kwa Asafu mulinzi wa pori. Imani yake ilijua bei ya mbao.

Jambo la ine, alienda kuona kwa macho yake. Alipofika Yerusalema alikaa siku tatu kimya. Halafu usiku, pamoja na watu wachache, akazunguka kuta na kuangalia kila pahali palipobomoka. Ni nyuma ya pale tu alisema na watu: tuinuke, tujenge.

Ukuta ulimalizika kwa siku 52. Lakini tusiseme uongo kwa jina la Mungu: raha ya Susani haikurudi. Miaka 12 alikuwa liwali, na hakula chakula cha liwali, kwa sababu watu walilemewa. Kwenye meza yake walikula watu 150. Yeye aliyesimama kwenye meza ya mufalme alikuja kulisha wengine kwa mali yake. Kwa hiyo, mutu akikuambia uache kazi ndogo leo kusudi Mungu akupe gari kesho, huyo hakusoma Nehemia mupaka mwisho.

Lakini kuna upande mwingine, na sisi watu wa Katanga tunaujua. Sisi tuliozaliwa katika makambi, baba zetu walitufundisha kwamba kazi ni baba na mama. Union Minière, iliyoanza mwaka wa 1906 na kutwaliwa na serikali mwaka wa 1967, ilitoa nyumba, ilitoa unga, ilitoa hospitali na shule. Gécamines ikaendelea. Mwaka wa 1986 ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Mwaka wa 1994 ilitoa karibu 30,000 tu. Halafu mwaka wa 2003 ikaja ile Départs Volontaires, na watu zaidi ya 10,000 wakatoka na bahasha. Tulikuwa vijana; tuliona wababa wakikaa mbele ya nyumba asubuhi, na king'ora hakiwaiti tena. Profesa Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu juu ya watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Hata leo siku inayotangulia siku ya yenga tunaiita siku ya posho. Jina limebaki, posho yenyewe ilikwisha.

Basi, anayesema «mimi nabaki, hapa hakuna hatari», naye ajue hajajenga juu ya mwamba. Kazi ni zawadi ya Mungu. Kazi si baba. Baba ni Mungu peke yake.

Na injili yenyewe ilifika kwetu namna gani? Mwaka wa 1915 William Burton na James Salter walifika Mwanza, katika inchi ya Waluba. Burton alikuwa amesomea kazi ya injinia, angeweza kukaa kwao na kula mushahara wake. Mwenzao mumoja alikufa njiani kwa homa. Tena kulikuwa Waluba waliouzwa utumwani mupaka Angola, wakamujua Yesu kule, na walipokuwa huru wakarudi kwa miguu kuhubiri kwao. Hao tunawasahau, na walitembea mbali.

Wandugu, tunawapa maulizo mane. Unalia juu ya nani: juu yako ao juu ya wengine? Umeomba miezi mingapi bila kuharibu kazi uliyo nayo? Muke wako, ao mume wako, amesema nini, akiwa huru kusema hapana? Na umeenda kuona kuta?

Kwa ninyi munaobaki kwenye meza ya mufalme: musione haya. Kama Nehemia hangekuwa pale na kikombe, nani angeomba barua na mbao? Mungu ana watu katika biro vilevile.

Na kwa sisi kanisa: tusiimbe juu ya mutu anayetumwa kama hatutabeba pamoja naye. Tukisema «enda», tuseme vilevile nani atalipa nyumba mwezi wa kwanza, na nani atapeleka unga mwezi wa tatu. Kijana yule wa depo hakuangushwa na Mungu. Ni sisi tulimuangusha.

Yule ndugu wa biro, tulimuambia hivi: usiandike barua ya kuacha kazi. Ukipata ruhusa ya mwaka, wende na mama wa watoto mukae kule majuma mawili. Mulale kule, mukule bukari ya kule, muone kisima, muulize barabara iko namna gani wakati wa mvula. Musiwaahidi watu kitu. Mukirudi tutaomba pamoja, na wazee wa kanisa watakuwa na daftari mukononi.

Walitoka siku ya pili, yeye, muke na mutoto mudogo. Hawajarudi. Hatujui watatuambia nini, na kama ni ndiyo ao hapana hatutamupenda kidogo. Muwaombee. Na siku ya yenga, mukija, mulete pia unga: muzigo wa kwanza tutauweka pembeni mbele ya kujua jibu lao.

Bwana awabariki na awalinde. Amina.